Swali Ambalo Loisi Hakuulizwa

Mama mdogo wangu Loisi aliishia darasa la nne. Anaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizoinama, anasoma Biblia ya Kigogo kwa kufuatisha kidole, na ukimweka mbele ya watu wengi anatazama chini mpaka umwondoe. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wanaosikia kisa chake hudhani alikuwa mama wa maneno, mpiganaji, mtu wa mikutano. Hakuwa hivyo. Alikuwa mkulima wa uwele na karanga katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Chamwino, na mpaka leo ni hivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Miyuji. Loisi ni mdogo wake marehemu mama yangu. Mengi ya haya niliyaona kwa macho. Machache alinisimulia mwenyewe, tena baada ya miaka, tukiwa tunapepeta.

Mumewe aliitwa Luka Ndahani. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye sauti ambayo kijiji kizima kiliijua, maana msimu wa ndege alisimama katikati ya shamba akapiga ukelele mmoja na kwelea wakainuka hadi kwenye shamba la jirani, jirani naye akamtukana kwa mzaha. Alikuwa mgomvi pia, tusimpake mafuta. Mwaka ule wa 2014 aligombana na wafugaji waliopitisha ng'ombe kwenye karanga zake. Aligombana vilevile na watu wawili wa pale pale kijijini juu ya mpaka wa shamba, hadi mmoja akamwinulia jembe. Ugomvi wa wafugaji ulikumbukwa na kila mtu. Ule wa mpaka hautajwi na yeyote hadi leo.

Ilikuwa mwezi wa nne, uwele umeanza kuiva. Luka alitangulia shambani alfajiri ili awahi ndege. Loisi alimfuata na chupa ya uji kulipokuwa kunapambazuka, mwanga bado wa kijivu. Alipofika kwenye kingo za shamba akashangaa ukimya. Akaita. Hapo ndipo alipoona mtu anatokomea kati ya mabua upande wa pili: mrefu, amejifunga shuka la rangi iliyokolea, anakwenda haraka bila kukimbia. Mgongo tu. Akaita tena, akidhani ni mpita njia. Mtu hakugeuka. Loisi akasogea mbele hatua kumi na tano hivi, akamkuta Luka amelala kifudifudi, amepigwa kichwani. Alikuwa bado anapumua. Akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe kabla jua halijatoka sawasawa.

Polisi wa kwanza aliyefika alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alikaa chini pamoja naye akaandika alichosema. Loisi alimwambia, "Nilimwona Mang'ati." Polisi akauliza, "Uso wake uliuona?" Loisi akajibu, "Sikuuona. Alikuwa amenipa mgongo." Yule mtu akaandika, akamsomea, Loisi akatia dole gumba kwa sababu kalamu ilimshinda siku ile.

Nisimame kidogo kwenye hilo neno. Wale watu wenyewe hujiita Wadatoga. Wengine huwaita Wataturu. Mang'ati ni jina walilopewa na maadui zao, na sisi huku tumelizoea kama tulivyozoea kusema fisi au nyoka. Mtoto akilia utotoni tuliambiwa Mang'ati anakuja. Tuliambiwa kijana wao haoi mpaka aue mtu. Nililelewa na maneno hayo, na nilikuwa nimeshakuwa mwalimu mwenye cheti ukutani wakati nilipojiuliza kwa mara ya kwanza kama ni kweli.

Baada ya siku mbili vijana wa kijiji walimkamata mtu kwenye lambo la ng'ombe, akinywesha mifugo. Aliitwa Gidasaida. Alikuwa na miaka ishirini na sita au ishirini na saba, mwenyewe hakuwa na hakika. Kosa lake la kwanza ni kuwa alikuwa Mdatoga wa karibu kuliko wengine. Walimpiga mpaka jicho moja likafumba. Kisha wakampeleka polisi, na polisi wakapanga gwaride la utambulisho ili Loisi amwonyeshe muuaji.

"Walisimama watu wanane," Loisi aliniambia. "Saba wamevaa mashati na suruali, watu wa mjini. Mmoja amevaa shuka, jicho limevimba. Wakaniambia, mama, mguse uliyemwona. Sasa Angelina, ningemgusa nani?"

Alimgusa.

Shauri lilisikilizwa Dodoma mwaka 2018, miaka minne baadaye. Nilimsindikiza. Nilimvalisha kitenge changu kipya, na kusema kweli siku hiyo nilikwenda kuona muuaji akihukumiwa, moyo wangu ukiwa safi kabisa. Gidasaida aliletwa amekonda, ana chale za duara kuzunguka macho yote mawili kama wengi wa kwao, akitazama kila anayezungumza kwa zamu, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya bonde.

Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya ng'ombe. Mahakama ilimtafutia mkalimani, akapatikana mzee Mmbulu. Kimbulu na Kidatoga ni lugha mbili tofauti, kama Kigogo na Kiarabu, ila wote wanatoka upande ule wa kaskazini, basi ikaonekana inatosha. Mshtakiwa alizungumza kwa muda mrefu, mikono ikienda huku na huku, na mkalimani akageuka akasema, "Anakataa." Hayo tu. Mtu alizungumza dakika nzima, likatoka neno moja. Nilicheka kidogo. Nakumbuka vizuri kuwa nilicheka.

Wakili wake alipangwa na mahakama, kama ilivyo kwa mtu asiye na uwezo. Alikuja asubuhi ile ile akiwa na mafaili manne mkononi. Nilimsikia kwenye korido akimuuliza karani, "Huyu wangu ni yupi?" Karani akamwonyesha kwa kidevu. Wakasimama pamoja, wakili na mteja wake, bila mkalimani, kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu.

Loisi akapanda kizimbani. Akaapa. Wakili wa serikali akamuuliza alichokiona, naye akasema kama alivyomwambia yule polisi wa kwanza, "Nilimwona Mang'ati akitoka shambani." Akaulizwa kama huyo mtu yumo humu ndani. Akamtazama mtu mwenye chale za duara, akasema yumo. Kisha wakili wa mshtakiwa akaambiwa ni zamu yake.

Akainuka nusu, hakunyooka. "Sina swali, mheshimiwa."

Mmoja wa wazee wa baraza walioketi na jaji ndiye aliyeuliza. Alimuuliza Loisi kama hao Mang'ati si ndiyo desturi yao kuua watu. Loisi akasema, "Ndivyo tunavyosikia." Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Siku ya tatu ilisomwa hukumu ya kunyongwa hadi kufa. Mkalimani alimfafanulia kwa lugha ambayo haikuwa yake, akijishika shingo ili aelewe. Gidasaida naye akajishika shingo, akauliza kitu. Hakuna aliyetuambia aliuliza nini.

Tulirudi kijijini. Wakwe walichinja mbuzi. Yotham, kaka wa Luka, mtu mzima wa kanisa ambaye wote tunamheshimu, alisimama akamshukuru Mungu na shemeji yake Loisi. Mama mdogo hakula nyama. Tulidhani ni majonzi.

Baadaye sana aliniambia ilikuwa nini. "Nilipokuwa kizimbani nilimngoja yule wakili aniulize. Nilijua ataniuliza. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, nikasema akiniuliza uso nitamwambia sikuuona. Sikutaka kulisema mwenyewe, kwa nini niliseme mwenyewe, Luka alikuwa mume wangu. Lakini angeniuliza ningesema. Hakuniuliza."

Alikaa na swali hilo miaka mitatu. Alilima, alivuna, alimwozesha binti yake Penina. Labda angekaa nalo hadi kaburini kama si mnada.

Mwaka 2021 alikwenda mnada wa ng'ombe kuuza mbuzi wawili. Watu walikuwa wengi, Wadatoga pia, wamesimama kwenye vumbi na fimbo zao. Mbele yake akamwona mtu kwa nyuma, mrefu, shuka la rangi iliyokolea. Akasema moyoni: ndiye. Mtu akageuka. Alikuwa mzee asiye na meno. Loisi akapumua, akasonga mbele, akamwona mwingine karibu na zizi. Ndiye. Huyu alipogeuka alikuwa kijana ambaye wakati Luka anakufa lazima alikuwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Loisi akaacha mbuzi kwa jirani. Akaanza kuzunguka mnada makusudi, akiwatazama watu migongo. Alipotimiza saba waliokuwa "ndiye", akakaa chini pale pale penye kinyesi cha ng'ombe, akafunika uso kwa khanga.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu Miyuji bila kuniarifu. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa chai.

"Angelina, yule mtu walishamnyonga?"

Sikujua. Nilijisikia vibaya kuwa sikujua, kwamba tulikuwa tumempa mtu kifo na hatukufuatilia hata kama amekipokea. Niliulizia kwa mzazi mmoja wa shuleni ambaye ni askari magereza. Akanieleza kuwa nchi yetu haijanyonga mtu kwa miaka mingi, lakini hukumu zinaendelea kutolewa na waliohukumiwa wanakaa wakingoja, kila siku wakijua kamba haijafutwa. Gidasaida yu hai. Rufani yake ilikuwa imeandikishwa, lakini ilikuwa haijasikilizwa.

Nilipomwambia mama mdogo, alisimama. "Nipeleke kwa wakili wake."

"Yupi? Yule wa siku ile?"

"Siyo yule. Tafuta anayeuliza maswali."

Ndivyo tulivyofika kwa Sabiha Mbaruku. Ni binti wa mjini hapa hapa Dodoma, familia yao ni ya wafanyabiashara Waislamu wa tangu enzi za misafara, babu yake aliuza chumvi na nguo. Yeye alisoma sheria na anafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria yenye meza mbili na feni isiyozunguka. Ofisi yao ndiyo iliyokuwa imepewa rufani ya Gidasaida wiki chache tu kabla. Nilipomweleza kuwa huyu mama ni mjane wa marehemu, aliweka kalamu chini.

"Shikamoo, mama. Umekuja kumlalamikia nani?"

"Marahaba. Nimekuja kujilalamikia mimi."

Sabiha alifunga mlango. Mama mdogo akasimulia yote, uji, mabua, mgongo, gwaride la watu wanane, mnada. Sabiha hakumkatiza hata mara moja. Mwisho akachukua faili nene, akafungua ukurasa, akasoma kimya, kisha akatutafsiria, kwa maana kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa Kiingereza.

"Hapa imeandikwa: shahidi wa kwanza anasema, nilimwona mshtakiwa akitoka shambani."

"Sikusema hivyo," akasema mama mdogo.

"Ulisemaje?"

"Nilisema nilimwona Mang'ati."

Taifa zima la watu liliingia katika kalamu ya mwandishi, likatoka mtu mmoja mwenye jina na namba ya shauri. Na sisi sote tuliokuwa mle ukumbini tulilisikia neno hilo likitajwa, hakuna aliyeshtuka, kwa sababu vichwani mwetu hapakuwa na tofauti.

"Mama," Sabiha alisema polepole, "lazima nikuonye. Ukila kiapo leo kwamba hukumwona uso, anaweza kutokea mtu akasema siku ile ulidanganya mahakama. Hilo ni kosa. Unaweza kushtakiwa."

"Nifungwe?"

"Siwezi kukuahidi kuwa hutafungwa."

Mama mdogo alitazama mikono yake. Ilikuwa msimu wa palizi, kucha zake zilikuwa na udongo. Akauliza, "Nikifungwa, nitajua lini nitatoka?"

"Utajua. Hakimu atataja miaka."

"Basi mimi nitakuwa nimemzidi yeye. Andika."

Nimefundisha watoto miaka kumi na saba. Nimewafundisha ushujaa kwa picha za vitabuni, wanaume wenye mikuki na majemedari. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikimwona mwanamke aliyeishia darasa la nne akiandika jina lake kwa herufi kubwa zilizoinama chini ya karatasi ambayo ingeweza kumpeleka gerezani, na nikaona aibu ya kukaa. Nikasimama. Sabiha naye alikuwa amesimama. Hatukupanga.

Kabla hatujaondoka, mama mdogo akakumbuka jambo. "Yule polisi wa kwanza aliandika vizuri. Aliniuliza uso. Karatasi yake iko wapi?"

Habari zilifika kijijini kabla ya karatasi kufika mahakamani. Yotham alikuja kwangu mjini, mama mdogo akiwa bado hajarudi kwake, tena kwa heshima, akavua kofia mlangoni. Alikuwa analia. Hakuja kutisha mtu. Nataka hilo lieleweke, maana amesemwa vibaya.

"Shemeji," alimwambia mama mdogo, "nani alimuua ndugu yangu?"

"Sijui, shemeji."

"Umekaa miaka saba unajua, leo hujui?"

"Sikuwahi kujua. Mlinipa wa kumjua, nikampokea."

"Na huyu akitoka, tutabaki na nani?"

Yotham alivaa kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo ukoo wa Ndahani ulimtenga. Hawakumfukuza shambani, hawakumgusa, ila hakuna aliyekuja kwake kusaidiana kuvuna, na kanisani benchi alilokaa lilikuwa lake peke yake. Penina, binti yake wa kumzaa, aliacha kumpigia simu. Mwaka mzima. Mama mdogo alibeba uwele wake mwenyewe kichwani mzigo kwa mzigo, na kila jioni alitazama simu, akaichaji, akailaza.

Rufani ilisikilizwa mwaka 2023, majaji watatu. Ukumbi ulikuwa na watu wachache mno kuliko siku ya hukumu. Kuachiwa kwa mtu hakuvuti watu. Gidasaida aliletwa na askari. Mvi zilikuwa zimempata pembeni, mtu wa miaka thelathini na kitu. Safari hii alikuwa na mkalimani wake hasa, mwanafunzi wa chuo ambaye ni Mdatoga, na alipoanza kunong'onezewa kwa lugha yake mwenyewe aliinua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Nilimtazama. Miaka tisa, na ndiyo kwanza alikuwa anaelewa anachoshtakiwa neno kwa neno.

Jambo la kwanza lilituvunja moyo. Majaji walikikataa kiapo cha mama mdogo. Jaji mkubwa alisema kwa upole kuwa shahidi hawezi kurudi baada ya miaka kusahihisha aliyoyasema, la sivyo mashauri hayatakuwa na mwisho. Nilimshika mama mdogo mkono.

Sabiha hakutetereka. Akainama, akashukuru, akasema kuna karatasi nyingine, nayo imo ndani ya faili tangu siku ya kwanza. Akawaomba majaji wafungue kurasa za mwanzo kabisa. Yalikuwa maelezo ya yule polisi wa makamo, na dole gumba la buluu chini yake. Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kama yalivyoandikwa: "Nilimwona Mang'ati mmoja akiondoka. Sikuuona uso wake. Alikuwa amenipa mgongo."

Jaji wa kushoto, mama wa miwani, akainua uso. "Wakili, maelezo haya shahidi alionyeshwa wakati wa usikilizaji?"

"Hapana, waheshimiwa majaji."

"Wakili wa mshtakiwa alimuuliza nini shahidi huyu juu ya kumtambua mtu?"

Sabiha akafungua ukurasa. "Naomba nisome yote aliyomuuliza." Akasoma, "Sina swali." Akafunga.

Nje kulikuwa na mtu anafagia, tulisikia ufagio. Jaji yule akavua miwani yake, akaiweka mezani, akageukia upande wa serikali kuuliza wanasemaje. Wakili wa serikali alikuwa kijana, Anthony jina lake, ambaye hakuwepo kwenye shauri la kwanza. Alikuwa amejiandaa kupinga. Nilimwona asubuhi na karatasi zake zimechorwa mistari ya njano. Alisimama, akazitazama karatasi hizo, akazigeuza.

"Waheshimiwa majaji, tukisoma gwaride la utambulisho lilivyofanyika, na mkalimani aliyetumika, na maelezo haya, Jamhuri haiipingi rufani hii."

Siku nne baadaye hukumu ilisomwa. Nilishika maneno machache: utambuzi wenye mashaka, mshtakiwa hakuelewa mwenendo wa shauri lake, utetezi wa jina tu. Mwisho ikasemwa aachiwe huru. Yule mwanafunzi alimfafanulia. Gidasaida akauliza kitu, mwanafunzi akajibu. Akauliza tena kile kile, mwanafunzi akajibu tena. Mara ya tatu askari aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyemwambia, kwa Kiswahili ambacho Gidasaida alikuwa amejifunza gerezani, "Nenda nyumbani, bwana. Wamekwambia nenda nyumbani."

Tulimngoja uani. Ni mama mdogo aliyetaka. Mimi nilitaka twende zetu. Niliogopa, nakiri, bado kitoto kile kilichoambiwa Mang'ati anakuja kilikuwa ndani yangu. Gidasaida alitoka na Sabiha, akiwa amevaa shati kubwa la kupewa. Sabiha akamnong'oneza. Akasimama mbele ya mama mdogo, akamtazama usoni kwa karibu.

"Wewe ndiye uliyesema?" aliuliza.

"Ndimi niliyesema kwanza," mama mdogo alijibu, "na ndimi niliyesema baadaye."

Alipiga magoti kuomba msamaha, pale kwenye kokoto. Gidasaida akarudi nyuma hatua moja, akamwambia, "Inuka, mama. Watu wanaona." Hakusema amesamehe. Sikuwahi kumsikia akilisema, na Sabiha anasema hata kwake hakulisema. Mama yake alikufa yeye akiwa gerezani, mkewe aliondoka, ng'ombe walikwisha. Sijui kama hilo ni jambo la kusamehe uani, dakika ya kwanza ya kuwa huru.

Alichofanya ni kuuliza. "Yule mtu aliyekufa. Jina lake nani?"

Hatukumwelewa.

"Miaka yote wanasema marehemu, marehemu. Jina lake?"

"Luka," mama mdogo akasema. "Luka Ndahani."

"Luka Ndahani," akarudia Gidasaida, akilitamka vizuri, kila silabi. Kisha akasema, kwa kutafuta maneno, "Mimi sikumuua Luka Ndahani." Alikuwa ameyasema hayo mara ya kwanza kwenye lambo la ng'ombe, mwaka 2014, akipigwa, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

"Najua," alisema mama mdogo.

Nimekaa kwenye misa kubwa, nimesimama kwenye mazishi ya watu wakuu, sijawahi kujisikia kama nilivyojisikia uani pale kati ya watu wale wawili, mmoja amefiwa, mmoja amefishwa miaka tisa, wakitaja jina la mtu kwa sauti ya kawaida.

Gidasaida alikwenda kwao kaskazini. Simu ya Sabiha hupata salamu zake mara moja moja. Anachunga ng'ombe wa mjomba wake. Mama mdogo hakushtakiwa. Alirudi polisi mara mbili kuomba uchunguzi wa kifo cha Luka uanze upya, akaambiwa ataitwa, bado hajaitwa. Muuaji hatumjui. Huenda tunakula naye harusini. Yotham alikuja msimu uliopita na jembe lake, bila neno, akapalilia pembe moja ya shamba la ndugu yake hadi saa sita, akaondoka bila kuaga. Penina alipiga simu alipojifungua.

Siku ile ya hukumu, baada ya Gidasaida kuondoka na Sabiha, nilimpeleka mama mdogo kwa mama lishe mmoja nyuma ya soko. Nilitaka kumwambia mambo makubwa. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Akaletewa ugali na mlenda, akanawa, akala vizuri, tonge kwa tonge, kama mtu aliyetoka kulima. Alipomaliza alinitazama akaniuliza gari la mwisho la Chamwino linaondoka saa ngapi, maana kuku walikuwa hawajafungiwa.